Vikao 36 vya Tiba ya Sumaku kwa Sonona: Nilicholipia na Nilichopata

Tathmini hii inahusu huduma niliyoipata katika kliniki moja ya magonjwa ya akili pembezoni mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Machi 2025. Nilipewa vikao 36 vya tiba inayoitwa kwa kifupi TMS, ambamo mgonjwa huketi kitini akiwa macho, koili ya sumaku, yaani waya uliozungushwa, ikaegemezwa kichwani mwake upande wa kushoto, juu kidogo ya paji la uso, na mipigo ya sumaku ikapenya fuvu na kuuamsha ubongo bila kisu, bila sindano na bila dawa ya usingizi. Jina la kliniki sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko mawili na sipendi yageuke ugomvi. Anayetafuta huduma hii hapa Marekani atakutana na mashine za aina hiyohiyo katika miji mingi, na ninayotaka kuyasema yatamfaa popote atakapokwenda. Nitangulize hukumu yangu: tiba ilinisaidia kiasi cha kustahili gharama na usumbufu wake, haikuniponya kabisa, na tofauti kati ya siku njema na siku mbovu pale kliniki ilitokana na mkono wa aliyeniwekea koili, kwani mashine ilikuwa ileile kila siku.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na kwa miaka mingi nilikuwa zamu ya usiku. Sonona yangu ni ya kukaa. Nilikuwa nikimaliza zamu saa moja asubuhi, naingia garini, nafunga mlango, kisha nakaa hapohapo kwenye maegesho bila kuwasha moto, mpaka pumzi yangu inaganda kioo kwa ndani, na sikuwa nikiwaza jambo lolote. Nyumbani Tanga ugonjwa huu huitwa tu "mawazo". Kila nilipompigia mama simu alikuwa akiniambia, "Mwanangu, punguza mawazo," kama anayeniagiza nipunguze chumvi kwenye mchuzi, nami nikimjibu, "Haya mama, nimepunguza." Nilipokwenda likizo shangazi alinitayarishia kombe, nikalinywa siku saba kama nilivyoelekezwa, na sijutii kulinywa, lakini sonona ilipanda nami ndege ya kurudi.

Kabla ya TMS nilikuwa nimekwisha kutumia dawa nne: amitriptilini niliyoandikiwa Tanga mwaka 2012, kisha hapa Marekani sertralini, venlafaksini na bupropioni, pamoja na mazungumzo ya kila wiki na mshauri nasaha kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hali hii ndiyo inayoitwa sonona isiyosikia dawa, na kigezo cha kawaida ni dawa mbili zilizoshindwa baada ya kila moja kutumiwa kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha. Daktari wangu alinionyesha matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006, ambamo karibu theluthi moja ya wagonjwa walipata nafuu kamili kwa dawa ya kwanza, lakini kwa waliofika dawa ya tatu na ya nne waliopona walikuwa karibu mtu 1 kati ya 7. Baada ya kuziona hesabu hizo sikumlaumu tena kwa kutokuwa na hamu ya kuniandikia dawa ya tano.

Kwa kuwa ndugu wengi huisikia habari hii na kudhani kwamba nilipigwa shoti, nieleze tofauti. Tiba ya shoti ya umeme humlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kumsababishia kifafa cha makusudi cha muda mfupi. Bado ndiyo tiba yenye nguvu zaidi kwa sonona kali sana, hasa inayoambatana na kuona au kusikia visivyokuwepo, lakini huweza kuacha usahaulifu. TMS hufuata njia nyingine. Umeme unaobadilika kwa kasi ndani ya waya uliozungushwa huzaa usumaku, na usumaku unaobadilika huzaa umeme katika kitu kingine kilicho karibu kinachopitisha umeme. Kanuni hiyo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831. Fuvu hukinza umeme, lakini sumaku hulipita kana kwamba hakuna mfupa. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo kuuchochea ubongo wa binadamu kutoka nje, nao walikuwa wakitafuta njia ya kupima mishipa ya fahamu. Habari ya sonona ilikuja baadaye. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya kutibia sonona mwezi Oktoba 2008. Nguvu ya sumaku hufikia karibu tesla 1.5, sawa na ile ya mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ila hapa hudumu chini ya kufumba na kufumbua na huingia sentimita mbili au tatu tu. Ukiondoka umebaki na akili zako zote, na unaendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa bima. Bima nyingi hutaka ushahidi wa maandishi kwamba dawa kadhaa zimeshindwa, na yangu ilitaka dawa nne, ikakubali tatu za hapa, na kuikataa amitriptilini ya Tanga kwa sababu haikuwa na kumbukumbu. Waliosoma habari hii na waliwahi kutibiwa nyumbani wanajua kumbukumbu zetu hukaa wapi: katika daftari la shule la kurasa 40, ambalo mgonjwa huenda nalo hospitali na kurudi nalo. Mdogo wangu alilifukua daftari hilo katika sanduku la mama, chini ya khanga za harusi, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wa daktari ulikuwa wa Kiingereza, tarehe zilisomeka, na muhuri wa zambarau haukuwa umefifia. Mfanyakazi wa kliniki anayeshughulikia vibali vya bima aliichukua kazi hiyo kama yake, akaandika barua ya rufaa, akaambatisha picha za daftari, na baada ya wiki tatu kibali kikatoka. Kwa hilo kliniki inastahili alama zote. Kwa mwenye daftari la namna hiyo, nasema alitunze kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Lalamiko langu la kwanza linahusu nywele, na nitalikalia kidogo kwa sababu sijaona likisemwa mahali popote. Mtu aliyenipangia miadi kwa simu aliniuliza kama nina chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, na maswali hayo ni ya lazima, maana sumaku inaweza kukisogeza au kukipasha moto kilichopandikizwa. Hakuniuliza kuhusu nywele. Nilikuwa nimetoka kusuka rasta kwa saa nane, nimelipa dola 220, na msusi alinipambia vipete vya shaba huku na huku. Nilipovua mtandio siku ya kwanza, dada aliyekuwa anaendesha mashine alinitazama kichwa kwa muda, kisha akanieleza kwa upole kwamba vipete lazima vitoke na rasta zenyewe zitakuwa tatizo, kwa sababu nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kadiri koili inavyoinuliwa kutoka kichwani, na unene wa rasta zangu ungeiinua zaidi ya inavyofaa. Kuongeza nguvu ya mashine ili kufidia nafasi hiyo kungewezekana, alisema, lakini ningeumia bure na vipimo visingetulia. Tuliahirisha siku tatu. Wifi yangu alikuja tukafumua usiku kucha, na nikarudi na twende kilioni iliyolala kichwani. Sharti lilikuwa kwamba mtindo huo usibadilike mpaka vikao viishe, au ukibadilika nipimwe upya. Kijitabu chao cha maelezo kina picha za vichwa sita, na hakuna hata kimoja chenye nywele kama zangu. Sentensi moja ndani yake ingeniokolea dola 220 na siku tatu.

Kwa upande mwingine, nilipoeleza kuwa navaa hijabu na ningependa kuhudumiwa na mwanamke katika chumba kilichofungwa, hawakuniuliza maswali. Yule dada akawa wangu kuanzia siku hiyo, na mlangoni wakaweka kibao.

Siku ya vipimo ndiyo siku ya maana kuliko zote, na nashauri mgonjwa asiende na usingizi. Nilivishwa kofia nyembamba ya kitambaa kama ya waogeleaji, kisha dada akachukua futi ya fundi cherehani na kunipima kutoka katikati ya macho hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, na mzunguko wa kichwa, huku akiweka alama kwa kalamu juu ya kofia. Baada ya hapo daktari akaingia na wakaanza kuitafuta sehemu ya ubongo inayoendesha kidole gumba cha kulia. Mkono wangu uliwekwa juu ya mto, kiganja juu. Koili ikapiga: ko! Hakuna kitu. Wakaisogeza nusu sentimita. Ko! Hakuna kitu. Wakaisogeza tena, ikapiga, na kidole gumba kikaruka chenyewe kama dagaa aliyemwagwa juu ya jamvi. Nilicheka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda, kwa sababu sikuwahi kuona kiungo changu kikiitwa na mtu mwingine na kuitika. Walipunguza nguvu kidogo kidogo mpaka wakapata kiwango ambacho kidole kinaruka mara tano katika mapigo kumi. Hicho ndicho kizingiti cha mgonjwa, nacho hutofautiana baina ya mtu na mtu, na tiba yenyewe hutolewa kwa asilimia 120 ya kizingiti hicho. Kisha koili ikasogezwa mbele karibu sentimita 6, ikafika eneo la mbele la ubongo linalohusika na kupanga, kuamua na kuzitawala hisia, eneo ambalo kwa wengi wenye sonona huwa limezorota.

Dada aliponivua kofia aliniambia neno ambalo naliona lina thamani kuliko kijitabu chote: wakati wa tiba kidole hiki hakitakiwi kucheza, na kikicheza umwambie anayeendesha mashine asimamishe. Sababu ni nyepesi. Kidole kikicheza maana yake koili imerudi nyuma, inachochea eneo la mwendo, na eneo linalokusudiwa halipati dozi yake sawasawa.

Vikao vya kila siku ni rahisi kuvieleza na vigumu kuvizoea. Ratiba ilikuwa siku tano kwa wiki kwa wiki sita, kisha vikao sita vya mwisho vikapunguzwa taratibu kwa wiki tatu: vitatu, viwili, kimoja. Kila kikao kilichukua karibu dakika 19. Mashine hupiga mapigo 40 katika sekunde nne, hupumzika sekunde 11, halafu hurudia, raundi 75 kwa jumla, yaani mapigo 3,000. Sauti yake ni ya kigong'ota aliyepata mti mkavu, nayo huumiza masikio, kwa hiyo vizibo vya masikio ni vya lazima kwa mgonjwa na kwa anayeiendesha. Mhemko wake ni kama kugongwa kwa ncha ya penseli pale pale, pale pale. Wiki ya kwanza kope ya kushoto ilikuwa ikipepesuka na jino langu moja lililozibwa likiitikia kila pigo; dada alianza na nguvu ndogo akaipandisha kwa siku nne mpaka kiwango kamili, na akaigeuza koili kwa pembe ndogo sana mpaka jino likanyamaza. Kichwa kiliniuma jioni kwa siku sita hivi, maumivu ya kawaida ambayo dawa ya kawaida iliyatuliza, na baada ya hapo hayakurudi. Kliniki ilikuwa na televisheni mbele ya kiti. Mimi nilishika tasbihi ya mbao mkono wa kulia, ambayo ina punje 33, na raundi 75 ni mizunguko miwili na punje tisa. Hivyo nilijua kila mara raundi zimebaki ngapi bila kuuliza.

Kabla ya kila kikao dada aliuliza maswali matatu: umelala kwa muda wa saa ngapi, umebadili dawa yoyote, umekunywa pombe. Hayakuwa maswali ya adabu. Hatari kubwa ya TMS ni kupatwa na kifafa, na ingawa hutokea kwa nadra sana, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, kukosa usingizi huikaribisha, na bupropioni niliyokuwa nikimeza nayo huikaribisha kidogo, kwa hiyo daktari alikataza nisiibadilishe dozi hata kwa miligramu moja. Hapo ndipo zamu ya usiku iliponishinda. Nilimwomba meneja wangu anihamishie mchana kwa miezi miwili, akakubali, na nyongeza ya malipo ya usiku ikakatwa. Wenzetu wengi tunaofanya kazi za kulelea wazee tunaishi kwa nyongeza hiyo, na gharama hii haionekani katika makadirio yoyote ya kliniki. Mwenye kutaka tiba hii aihesabu mapema, pamoja na petroli na theluji. Siku moja nilitumia dakika 70 barabarani kwenda kukaa kitini dakika 19.

Lalamiko la pili lilitokea Ijumaa ya wiki ya tatu. Nilikuta yule dada hayupo, na mahali pake yupo kijana ambaye sikuwahi kumwona. Hakuna aliyenipigia simu kuniarifu. Nilibaki na kofia ya ndani ya mtandio, akanivisha juu yake ile kofia yenye alama, na kwa kuwa vitambaa viwili havikai kama kimoja, kofia ikarudi nyuma. Hakupima kwa futi. Aliiweka koili juu ya alama, akawasha. Raundi ya tatu punje ya tasbihi ikaniponyoka. Nikaishika tena. Raundi ya nne kidole gumba kikairusha punje nyingine, na safari hii nikakitazama: kilikuwa kinaruka kwa kila pigo, kama siku ile juu ya mto. Nikainua mkono wa kushoto, akasimamisha, nikamweleza. Akanijibu kwamba misuli kucheza ni kawaida. Nikamwambia misuli ya uso ni kawaida, lakini kidole gumba si kawaida, na kwamba nimeambiwa hivyo na yule dada wa kliniki hiyohiyo. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa wa akili anayebisha, na mtazamo huo wanaoujua wanaujua. Mwishowe aliisogeza mbele kwa kukisia, kidole kikatulia, tukamaliza.

Jumatatu dada aliporudi nilimsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua futi, akapima upya, akamwita daktari na kizingiti kikapimwa tena, na akanitaka radhi kwa niaba ya kliniki bila kuzunguka. Kilichoniudhi ni kwamba baada ya wiki mbili ilikuja ankara ya kupimwa upya, dola 85. Hapa inafaa wagonjwa wa Marekani wajue namba tatu zinazotokea katika ankara za TMS: 90867 ni vipimo vya mwanzo pamoja na kikao cha kwanza, 90868 ni kila kikao kinachofuata, na 90869 ni kupima kizingiti upya. Ukiiona hiyo ya mwisho, jiulize imetokana na nini. Yangu ilitokana na kosa lao, nikaandika barua, na ilichukua miezi miwili kufutwa. Kikao cha Ijumaa hakikurudiwa wala fedha yake haikurudishwa.

Kuhusu gharama kwa jumla, bila bima kozi nzima hapa Marekani hufikia maelfu ya dola, mara nyingi kati ya 6,000 na zaidi ya 12,000. Mimi nililipa dola 40 kwa kila kikao, yaani 1,440, bila kuhesabu mshahara uliopungua. Kwa walioko Uingereza, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba huko, iliikubali tiba hii katika mwongozo wake wa mwaka 2015, kwa hiyo inafaa kumuuliza daktari.

Sasa matokeo. Kliniki ilipima kila wiki kwa dodoso la PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo kila moja hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 20 na zaidi ni sonona kali. Dodoso hili lina tafsiri ya Kiswahili inayotumika katika hospitali na tafiti za Kenya na Tanzania, na nilipoiomba waliitafuta na kunichapishia. Jambo la kushangaza ni kwamba nilipolijaza kwa Kiswahili alama zangu zilipanda kwa mbili. Kiingereza changu ni cha kazini, na kazini siku zote mimi sijambo. Swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, nilikuwa nimelipitia juujuu kwa Kiingereza kwa miaka. Kwa Kiswahili nililijibu kweli kwa mara ya kwanza, na daktari alikaa nami nusu saa siku hiyo. Mwenye kujikuta hapo asingoje miadi: hapa Marekani namba 988 hupokelewa usiku na mchana.

Nilianza na alama 21. Baada ya wiki mbili zilikuwa 20, na wiki ya tatu nilijisikia vibaya zaidi, jambo ambalo dada alisema huwapata baadhi ya watu na halina maana ya kushindwa. Wiki ya nne nilikuwa dukani nikinunua nazi ya kopo kwa ajili ya samaki, nikaitikisa, nikaisikia ni maji matupu, nikasoma bei, na nikakasirika. Nilikasirika vizuri, mpaka nikairudisha rafuni na kumweleza mwenye duka kwamba huu ni wizi. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mitatu hapakuwa na kitu kilichostahili kukasirikiwa. Niliwasha moto wa gari nikaondoka. Jioni hiyo nilipika, na wifi akauliza kwa simu mbona nina kelele. Wiki iliyofuata alama zilikuwa 15, kisha 12, na mwisho wa kozi 9.

Kwa lugha ya madaktari, alama zikipungua kwa nusu au zaidi mgonjwa ameitikia tiba, na zikishuka chini ya 5 amepata nafuu kamili. Mimi niliitikia. Nafuu kamili sikuifikia. Hili naona lielezwe wazi kabla ya mtu kutia sahihi, maana picha za ukutani pale kliniki zote ni za watu wanaokimbia ufukweni. Katika wagonjwa waliofuatiliwa kwenye kliniki za kawaida, karibu nusu au zaidi kidogo huitikia, na karibu theluthi hupata nafuu kamili. Wengine hurudi nyumbani kama walivyokuja. Katika chumba cha kungojea nilizoeana na mzee mmoja aliyekuwa kikao cha 33 na hajaona tofauti hata chembe. Tulikuwa na mashine moja na dada mmoja.

Vikao vya mwisho viliangukia mwezi wa Ramadhani. Daktari hakunikataza kufunga, alinitaka tu nilale mara baada ya tarawehe ili kuamka daku kusininyang'anye usingizi, na siku moja nilipolala kwa muda wa saa nne tu dada alikiahirisha kikao. Wakati ule niliona ni usumbufu.

Ipo mitindo mipya inayostahili kuulizwa. Mwaka 2018 uliruhusiwa mtindo wa kikao cha dakika tatu, baada ya jaribio lililofanyika Kanada kwa wagonjwa 414 kuonyesha kuwa haukuzidiwa na kikao cha mtindo wa zamani cha dakika 37. Kliniki yangu ilikuwa nao, lakini hakuna aliyenitajia, na kwa anayekaa mbali na aliye na watoto tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2022 uliruhusiwa mtindo wa Chuo Kikuu cha Stanford wa vikao kumi kwa siku kwa siku tano, ambao huanza kwa picha ya MRI ili kuilenga sehemu kwa kila kichwa peke yake. Huo niliuombea kibali, na bima yangu ikakataa kwa barua ya mistari miwili.

Ninaandika haya miezi saba baada ya kikao cha mwisho. Alama zangu zilibaki 8 na 9 hadi Agosti, na mwezi huu zimepanda hadi 13. Daktari anasema kurudi kwa dalili baada ya miezi kadhaa ni jambo la kawaida, na kwamba aliyeitikia mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuitikia tena, na bima yangu huruhusu kozi ya pili kwa aliyepungukiwa alama kwa nusu. Safari hii nywele nimesuka mapema, za kulala kichwani. Jana nilipiga simu kuuliza kama yule dada bado yupo. Nikaambiwa yupo, Jumatatu mpaka Alhamisi, na Ijumaa yupo mwingine; nikauliza kama huyo mwingine anapima kwa futi, na aliyepokea simu akaniomba nisubiri aende akaulize.